Mstari Nilioufuta kwenye Dodoso

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro, mlinzi bado anafagia ngazi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa moja kule mjini Nyamagana, nyuma ya maduka ya vitambaa, na juu ya mlango palikuwa na kibao cha bati kilichosema kwamba humo ndani wanatafiti magonjwa ya watoto. Nilivaa sketi niliyoshonewa mahususi kwa siku hiyo na viatu vya mtumba vilivyonibana vidole. Mkononi nilikuwa na cheti cha uchapaji na kingine cha hatimkato, na kwa kweli niliona kama ni ile ofisi iliyobahatika kunipata.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Daktari Mtafiti Mkuu. Humu nitamwita Dokta tu, maana ndivyo nilivyomwita miaka yote. Alikuwa mtu wa Kagera, mwembamba, Mlutheri asiyekosa ibada, na mfukoni hakukosa buni za kutafuna zilizofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Alikuwa daktari wa watoto aliyekwenda kusomea zaidi mfumo wa fahamu, yaani ubongo, uti wa mgongo na neva zinazopeleka habari mwilini. Huku kwetu ziwani sikumjua mwingine wa aina yake.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Wewe ndiye Veronika? Unachapa haraka?"

"Haraka sana, Dokta."

"Basi hapa utajifunza kuchapa polepole."

Nilijifunza, tena kwa machozi. Vijana wa leo mnaandika kwenye kompyuta, mkikosea mnafuta kama hamjakosea. Sisi makala ya utafiti ilichapwa kwa mashine, mistari ikiwa imeachana ili wasomaji wapate pa kuandika maoni, na nyuma yake karatasi za kaboni za kutoa nakala. Ukikosea herufi moja unaitafuta kwenye nakala zote kwa wino mweupe. Mwisho wa makala kulikuwa na rejea, yaani orodha ya maandishi ya watu wengine ambayo mwandishi ameyategemea, na kila jarida lilikuwa na masharti yake juu ya wapi pakae nukta na wapi mkato. Dokta alipita kila ukurasa na penseli nyekundu. Nilichukia penseli ile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote kisicho na roho.

Makala ikikamilika tuliipeleka posta, ikasafiri kwenda nje kwa mhariri. Mhariri aliwapa wahakiki, ambao ni wataalamu wanaoisoma bila kujitaja na kusema inafaa au haifai. Majibu yalikuja baada ya miezi mingi, na mara nyingi yalikuwa ya kukatisha tamaa. Ikikubaliwa na kuchapishwa, mimi nilitoa jalada la kijani kabatini na kuiongeza kwenye orodha ya machapisho ya Dokta. Orodha hiyo ndiyo iliyopimwa na baraza la chuo mtu alipotaka kupandishwa cheo, na wafadhili pia waliitaka kabla ya kusoma kitu kingine. Dokta aliniambia, "Kuna watu hawataniona maisha yao yote, lakini wananijua kwa karatasi hiyo. Kwa hiyo usiikunje."

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Dokta alitaka kujua habari za watoto wenye kifafa vijijini. Watoto hawa walikuwa wanafichwa. Mtoto akianguka karibu na moto, watu waliogopa kumgusa kwa kuamini kwamba povu lile linaambukiza, akaungua wakimtazama. Hospitalini tuliwaona wachache tu, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Mpango wa Dokta ulikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya upande wa Kisesa na kuvuka Bujora, kuwaandikisha watoto hao, kuwapa vidonge vya fenobabitoni kupitia zahanati zao, kisha kurudi baada ya mwaka kuona hali zao. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na rahisi kupatikana. Swali lilikuwa kama inaweza kusaidia kijijini, mahali ambapo daktari hayupo.

Kazi ya namna hiyo huanza na dodoso, yaani karatasi ya maswali ambayo wadodosi wanaijaza mbele ya mzazi. Dokta aliliandika kwa mkono, mimi nikapewa nilichape kwenye stensili ili tutoe nakala. Chini ya jina la mtoto palikuwa na mstari uliosema: majina mengine ya mtoto, na ni nani aliyempa. Wazo hilo lilikuwa la Muuguzi Mkuu wetu, mama aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati nyingi za vijijini.

Nilipofika kwenye mstari huo nilisimamisha mashine, nikaenda mlangoni kwa Dokta.

"Dokta, huu mstari wa majina mengine hauhitajiki. Siku hizi watu wana jina la ubatizo na jina la baba, basi."

"Muuguzi Mkuu ameona unafaa."

"Hayo ni mambo ya zamani, Dokta. Na ukitoka, dodoso linaenea kwenye ukurasa mmoja."

"Wewe ndiye mwenyeji wa huko," akasema. "Kama unasema hauhitajiki, uondoe."

Nikauondoa. Nataka msomaji ajue vizuri nilichokifanya, kwa sababu sikukosea kwa kutojua. Mimi ni Msukuma wa huko huko Kisesa. Kwetu mtoto akiugua ugonjwa usiosikia dawa, wazee walikwenda kwa mganga kuuliza ni nani kati ya wafu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Akishajulikana, mtoto alipewa jina la marehemu huyo na kuvikwa shanga. Kuanzia siku hiyo jina la kwanza halitamkwi tena, maana ugonjwa ulilijua jina lile, na ukilisikia utarudi. Mimi mwenyewe nilifanyiwa hivyo nikiwa na miaka sita. Lakini nilikuwa nimesoma kwa masista, nimekuja mjini, nafanya kazi na wasomi, na sikutaka Dokta wa Kagera na wageni wake wa Ulaya wasome kwenye karatasi niliyoichapa mimi kwamba kwetu watu wanabadilisha majina ili kuudanganya ugonjwa. Niliona aibu. Nikajificha nyuma ya hoja ya ukurasa mmoja.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Mimi nilitolewa ofisini kwa wiki chache kwenda kushika rejesta katika kata yetu, na niliandika kila alama ya mwilini mwa mtoto kwa mwandiko uliosifiwa na Mkurugenzi mwenyewe. Watoto walipewa kadi, na zahanati zikapewa vidonge na nakala ya majina.

Mwaka ulipopita wadodosi wakarudi vijijini wakiwa na orodha. Safari hii mimi nilibaki mjini. Wadodosi wetu wengi walikuwa wametoka mbali, wamesoma, wana adabu, ila hawakujua habari hizo za majina. Na katika mwaka ule watoto wengi walikuwa wamepewa majina ya marehemu wao. Walifika kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, wakauliza mtoto fulani yuko wapi. Mama alinyamaza, au akasema hapa hakuna mtoto wa jina hilo. Wakauliza majirani, nao wakasema hawamjui. Dodoso lilikuwa na visanduku vitatu: yupo, amehama, amefariki. Wadodosi walimwona mama ameinamisha kichwa, wakadhani ni msiba, wakaweka alama kwenye kisanduku cha tatu na kutoa pole. Kisha katika mji ule ule wakaonyeshwa mtoto mwenye kifafa, wa jina ambalo halimo kwenye orodha, wakamwandikisha kama mgonjwa mpya.

Madodoso yalipofika kwangu niliyajumlisha bila wasiwasi wowote. Matokeo yalikuwa ya kutisha. Watoto tuliowapa vidonge walionekana kufa ovyo, na wengine wapya walionekana kuugua kwa wingi. Dokta alihuzunika sana. Alikaa na karatasi zile kwa wiki kadhaa, akaandika makala inayosema kwamba kugawa vidonge vijijini bila uangalizi wa karibu wa daktari hakuokoi maisha ya watoto hawa. Niliichapa. Jarida kubwa kuliko yote aliyokuwa ameyaota likaikubali.

Siku barua ya mhariri ilipofika, Dokta aliagiza soda na sambusa kwa ofisi nzima, hata mlinzi. Mkurugenzi alishuka kutoka ghorofani kumpa mkono. Ilisemwa waziwazi kwamba baraza likikaa, Dokta atakuwa Profesa Mshiriki. Nami nikatoa jalada la kijani, nikaichapa makala ile juu kabisa ya orodha, nikaona hata mimi nina sehemu yangu.

Miezi michache baada ya makala kutoka ilikuja barua ya daktari mmoja wa nchi jirani. Alimshukuru Dokta kwa utafiti wake na kumweleza kwamba, baada ya kuusoma, wamesimamisha mpango wao wa kugawa vidonge vijijini ili nguvu ziende kwingine. Hiyo ndiyo maana ya kunukuliwa, vijana: mtu usiyemjua anabadilisha kazi yake kwa sababu ya ulichoandika. Dokta aliisoma mara mbili, akaniambia niiweke kwenye jalada. Hakuonekana kuifurahia.

Siku moja ya kliniki, ambayo wagonjwa walipokelewa pale pale ofisini, asubuhi, mama mmoja alifika kwenye dirisha langu la masijala, chumba cha kadi, na binti wa kama miaka tisa. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa, ameungua siku hizo hizo. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka, mama," akaitikia. Nikauliza jina la mtoto, akasema Minza. Nikatafuta kadi ya Minza, haipo. Nilipoinua macho niliuona mkono wa kushoto wa yule binti umeshika ukingo wa dirisha. Kiganja kilikuwa na kovu la zamani la moto, na kidole cha mwisho kimejikunja hadi ndani. Kovu lile nililijua. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye rejesta, katika kata yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "huyu si Rebeka?"

Yule mama aliruka akamziba mtoto masikio kwa viganja vyote viwili.

"Dada, usimwite! Nakuomba. Si wewe ni wa kwetu? Si unajua?"

Nilijua.

"Vidonge je?" nikamuuliza. "Mbona hapewi vidonge?"

"Walifunga kadi. Nilikwenda zahanati, wakasema mwenye kadi hii amekufa. Sasa ningesema nini? Ningesema hajakufa, wangeniuliza ni nani, na jina lile sitalitaja. Wakasema huyu mpya asubiri daktari aje ampime. Tumesubiri tangu mavuno ya mwaka jana. Juzi ameanguka jikoni."

Nilimpeleka mtoto kwa Muuguzi Mkuu akahudumiwa mkono na kupewa vidonge siku hiyo hiyo. Kisha nilifunga dirisha la masijala, nikatoa kadi zote za waliofariki na kadi zote za wagonjwa wapya, nikazitandaza sakafuni. Nilizilinganisha kwa makovu, kwa jina la mama, na kwa jina la balozi wa nyumba kumi. Ilinichukua siku tatu. Karibu kila mtoto aliyekufa upande huu alikuwa hai upande ule.

Sitajitia utakatifu. Katika siku hizo tatu nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kuzifungua zile kadi kimyakimya, vidonge vikarudi, na hakuna ambaye angejua. Wakati ule ofisi za umma zilikuwa zinapunguza watu. Wachapaji niliosoma nao walikuwa wamekwenda kwenye viwanda vya minofu ya sangara, wanashinda wamesimama kwenye baridi na viatu vya mpira hadi magoti, na vyeti vyao vya hatimkato viko sandukuni. Nilikuwa na mama mzee na wadogo zangu wawili wa kuwasomesha. Lakini kila nilipotaka kuzirudisha kadi kabatini, nilikumbuka ile barua ya nchi jirani niliyoiweka jaladani kwa mkono wangu. Watoto wa kule nisingeweza kuwafungulia kadi.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Dokta na kumwomba ashuke masijala. Aliziangalia kadi zile sakafuni. Nilimweleza yote. Alipiga magoti akachukua mbili, akazisoma, akazirudisha palepale.

"Niliandika mstari wa majina," akasema. "Nani aliutoa?"

"Mimi, Dokta."

"Nakumbuka ulichoniambia. Ulijua kwamba si kweli?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliutoa?"

"Niliona aibu, Dokta. Aibu ya kwetu."

Hakupandisha sauti, na nilitamani apandishe. Aliniambia nitoke nikakae kwenye benchi la wagonjwa, nisiende nyumbani. Nilikaa pale hadi mchana, akina mama wakinipa pole kwa kudhani nimefiwa. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliketi mwisho wa benchi, akafungua jani lake la mgomba, akatafuna buni moja, na baada ya muda akanisogezea nami moja.

"Kesho tunakwenda huko," akasema. "Wewe na mimi. Nyumba kwa nyumba."

Tulikwenda kwa Landrova ya ofisi kwa wiki mbili. Dokta hakuzungumza nami ila mambo ya kazi, na sikumlaumu. Kila mji tuliofika nilitangulia mimi. Sikutaja jina la zamani la mtoto yeyote. Niliwaeleza akina mama habari zangu, jinsi nilivyokuwa na miaka sita, jina gani nilipewa na lilitoka kwa nani, na hapo nikaona nyuso zinafunguka. Kisha niliwaelezea kovu, au jino lililovunjika, wakaita mtoto aje. "Huyu hapa, si ndiye?" Wengine walicheka. Waliona ajabu kwamba wasomi wazima wameshindwa kumwona mtoto aliyesimama mbele yao.

Katika mji mmoja babu wa mtoto, mzee mwenye fimbo, alimkaribisha Dokta kiti, akamtazama kutoka chini hadi juu.

"Kalibu. Ndiyo wewe uliyemwua mjukuu wangu kwenye kalatasi?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo mimi. Nimekuja kumfufua."

"Malahaba. Basi umfufue vizuri, hataki shule huyu."

Dokta alicheka hadi akavua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu zile kadi za sakafuni, na mimi nikageuka nikajifanya naangalia ng'ombe, maana machozi yalikuwa karibu.

Watoto watatu tu ndio waliokuwa wamefariki kweli. Tuliwakuta na makaburi yao. Wengine wote, isipokuwa wachache waliohama, tuliwagusa kwa mikono.

Tuliporudi, Mkurugenzi alituita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa busara, asiyependa makelele, na nasema haya bila kumchukia.

"Rekebisheni orodha ya dawa, watoto wapate vidonge, mambo yaishe," akasema. "Makala iacheni ilivyo. Baraza linakaa mwezi ujao, Dokta. Ukiiondoa makala kwa barua yako mwenyewe, uprofesa sahau. Na wafadhili watauliza nyingine zikoje."

"Wana haki ya kuuliza."

"Nani huko nje atakuja kuhesabu watoto wa Kisesa?"

"Hakuna," akajibu Dokta. "Ndiyo maana wananiamini. Kuna daktari amesimamisha vidonge kwa sababu ya karatasi yangu. Hawa wetu nimewafuata kwa Landrova. Wale wa kwake sitawafikia kwa gari, mkuu. Nitawafikia kwa barua tu."

Niliichapa barua ile ya kuondoa makala. Kuondoa makala maana yake ni mwandishi kulitangazia jarida kwamba alichoandika kisitumike tena, na jarida linachapa tangazo hilo ili kila mtu alione. Katika utafiti hilo ni sawa na mtu kusimama kanisani na kutaja dhambi yake mbele ya waumini. Nilipofika kwenye sababu nilisimamisha mashine, nikamwomba aseme wazi kwamba kosa lilikuwa la karani.

"Karani hatii saini makala," akasema. "Nilitia mimi. Chapa kama ilivyo."

Tulimwandikia pia yule daktari wa nchi jirani. Yeye alijibu kabla ya jarida. Alisema wamerudisha vidonge, na kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kupokea barua ya namna ile.

Yaliyotabiriwa na Mkurugenzi yalitokea. Baraza lilikaa na kumpitisha mwingine, mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Dokta. Mfadhili mmoja alijiondoa na Landrova ikaenda naye. Kwa muda mrefu Dokta alikwenda kliniki za vijijini kwa baiskeli ya zahanati, na waliomwona walinong'onezana juu yake. Mimi nilisubiri barua yangu ya kuachishwa kazi. Ilipokuja barua, ilikuwa ya kunihamishia Nansio, kuwa Msimamizi wa Rejesta wa utafiti mpya alioupanga Dokta kisiwani Ukerewe. Nilikwenda kumuuliza kama hajakosea bahasha.

"Nani mwingine nimpeleke?" akasema. "Hakuna mtu Tanzania hii anayeogopa kosa lile kama wewe."

Nansio ndiko nilikofanya kazi bora kuliko zote maishani mwangu. Nilivuka kwa meli magugu maji yakiwa yametanda gatini, tukacheleweshwa hadi abiria wakaanza kuuziana chakula walichobeba. Nilikuwa peke yangu na wadodosi, nikawafundisha mwenyewe. Kabla ya swali lolote la ugonjwa waliuliza mtoto huyu amewahi kuitwa nani, ni nani aliyempa kila jina, na ni jina gani tusilitamke mbele yake. Wakerewe, Wajita na Wasukuma waliohamia kisiwani walikuwa na desturi zao tofauti, na mara nyingi swali lile peke yake lilichukua asubuhi nzima, kwa sababu wazee walipoona tunauliza kwa heshima walikaa chini na kutuhadithia ukoo wote. Tulirudi kwao mwaka hadi mwaka. Hatukupoteza mtoto kwa sababu ya jina.

Makala ya Ukerewe ilipotoka ilionyesha kinyume kabisa cha ile ya kwanza: watoto waliopata vidonge bila kukatizwa walianguka mara chache, waliungua mara chache, na wengi walirudi shule. Haikutoka kwenye jarida kubwa. Lakini ilisomwa, na ikaendelea kusomwa. Barua zilianza kuja kutoka sehemu ambazo ilinibidi nizitafute kwenye ramani, na baadaye, kompyuta ilipofika, zikaja kwa barua pepe. Wengi hawakuuliza habari za vidonge. Waliuliza lile swali la majina tuliliwekaje, kwa sababu nao kwao watoto hubadilishwa majina, au huitwa kwa majina mawili, au hufichwa majina, na hakuna aliyewahi kuliandika. Wanafunzi wa Dokta walilipeleka kila walikokwenda kufundisha. Na katika orodha ya waandishi wa makala ile, jina la tatu lilikuwa langu. Dokta hakuniambia. Nililiona nilipokuwa naichapa, nikaenda kumwambia amekosea, akaniambia nirudi kwenye mashine.

Uprofesa aliupata baadaye sana, wakati nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Alisema umekuja kama mgeni anayefika watu wameshakula, lakini haidhuru, ataandaliwa.

Mimi nimestaafu nikiwa Msimamizi Mkuu wa Takwimu, cheo ambacho cheti cha uchapaji hakikunipa. Nina nyumba Kisesa, kuku, na wajukuu. Nashukuru kwa kazi ile kila siku, na namshukuru mtu aliyenipokea siku ya kwanza na akakataa kunitupa siku niliyostahili kutupwa. Wengine hujivunia kwamba hawakukosea. Mimi sina hilo la kujivunia. Ninacho ni kwamba nilifanya kazi mahali ambapo kosa lilisemwa kwa sauti na kazi ikaendelea. Minza ameolewa upande wa Magu na ana watoto, na akipita Kisesa hunisalimia. Hajui habari yoyote ya jarida.

Dokta alipostaafu, chuo kilitaka kumuaga kwa kitabu kidogo chenye orodha ya maandishi yake yote. Kamati iliiandaa orodha hiyo vizuri, kwa karatasi nzuri, na kwa heshima yake ikairuka ile makala iliyoondolewa. Waliona wamemsitiri. Dokta alinipigia simu Kisesa akaniomba nije mjini, ingawa kamati ilikuwa na vijana wake wa kuchapa. Nilimkuta na rasimu mezani na penseli nyekundu mkononi.

"Kuna moja inakosekana," akasema.

"Dokta, wamekusudia."

"Najua. Irudishe mahali pake, kwa mwaka wake. Na chini yake weka sababu. Sababu uiandike wewe."

Nikakaa mbele ya kompyuta ya kijana mmoja wa kamati, na nikachapa polepole. Niliandika jina la makala, la jarida, na la mwandishi. Kisha chini yake nikaandika kwamba imeondolewa na mwandishi mwenyewe, kwa kuwa watoto waliohesabiwa humo kuwa wamekufa walikutwa hai, nyumbani kwao, na mama zao. Dokta aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakuigusa na penseli.